Dola zangu zinashuka kila nikiamka: niuze sasa au nisubiri? (Kigoma)

MamaChanja_Kibirizi · Desemba 14, 2024

Habari zenu wote. Naomba ushauri, na tafadhali wa matusi wapite kimya.

Nauza dagaa hapa mwalo wa Kibirizi. Boti zikirudi alfajiri nanunua wabichi, naanika kwenye chanja, nauza kwa gunia. Wateja wangu wakubwa ni Wakongo wa Uvira na Kalemie, na hao shilingi hawaitaki wala hawaileti, wanalipa dola. Mimi nami nikipata nafasi nanunua vitenge kwao kwa dola hizo hizo nakuja kuviuza Mwanga sokoni. Mwaka jana na mwanzoni mwa mwaka huu dola iliadimika mpaka benki unaambiwa njoo kesho, basi kila noti iliyonipitia mkononi niliificha. Hata ziwa lilipofungwa, Mei 15 mpaka Agosti 15, sikuzigusa. Tulikula kwa mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikijisifu kwamba mimi nina akiba inayopanda yenyewe.

Sasa ninazo dola 3,200 kabatini. Oktoba benki walikuwa wananunua kwa 2,690. Jana nimeuliza, 2,350. Pigeni hesabu wenyewe, zaidi ya milioni moja imeyeyuka na sijanunua hata kanga.

Yaliyo mbele yangu ni haya. Binti anaingia kidato cha tatu, bweni, ada na vifaa vyake ni 1,200,000 na shule inataka kabla hajaripoti Januari. VICOBA wananidai 1,500,000 mwisho wa Januari hiyo hiyo. Halafu ni masika, dagaa hawakauki vizuri, wakilowa wanabadilika rangi na Mkongo anakukata bei bila huruma, kwa hiyo mpaka Aprili faida ni ya kuungaunga. Na ziwa likifungwa tena Mei sitaki kukopa.

Mdogo wangu wa Dar anasema uza zote, nunua vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mume wangu anasema dola haijawahi kushuka ikabaki chini, tusubiri. Shoga yangu pale mwaloni anasema kiwanja. Nimsikilize nani?

---

Tosha_Mwanga · Desemba 14, 2024

Mama achana na vipande, hayo ni mambo ya wastaafu. Bitcoin, sarafu ya mtandaoni, imepita dola 100,000 mwezi huu, kwa mara ya kwanza duniani. Weka hizo 3,200 zote, ada utalipa na chenji itabaki. Mwenye macho haambiwi tazama.

---

Mstaafu_Forodha · Desemba 14, 2024

Mama, mwakeye. Nilikuwa karani wa forodha bandarini hapa Kigoma kwa miaka mingi, na fedha za nchi nne zimepita mbele ya macho yangu. Nitaandika kirefu, asiye na muda aruke.

Wote watatu waliokushauri wanajibu swali moja: dola inakwenda wapi. Hilo halina jibu. Agosti 5 mwaka huu soko la hisa la Tokyo lilianguka zaidi ya asilimia 12 kwa siku moja, watu wakauza kwa hofu, kesho yake likapanda asilimia 10. Hao ni watu wenye kompyuta na shahada, na hawakujua kesho yao. Mimi na wewe tutajua ya dola tukiwa Kibirizi?

Swali lako ni jingine: kila pesa uliyonayo ina kazi gani, na kazi hiyo inalipwa kwa sarafu gani, tarehe gani. Ukishajua hivyo, nusu ya ubishi inakwisha.

Ada ni shilingi, Januari. VICOBA ni shilingi, Januari. Jumla 2,700,000. Kwa bei ya 2,350 hizo ni dola 1,150 na chenji ya soda. Jumatatu asubuhi nenda benki ukauze hizo, na ukitoka hapo usiulize tena bei ya dola siku hiyo. Sikwambii uuze kwa sababu itashuka zaidi, inaweza kabisa kupanda Jumanne. Nakwambia uuze kwa sababu shule haitakusubiri na riba ya VICOBA haitakusubiri. Ukishika dola huku unadaiwa shilingi unacheza kamari hata kama hujawahi kuingia kwenye duka la kamari.

Pili, vitenge. Ukienda kununua vitenge unatumia kiasi gani kwa kawaida? Tuseme 1,000. Hiyo usiiguse. Kitenge kinauzwa kwa dola, dola ikishuka bei ya kitenge kule haibadiliki, kwa hiyo hapo hujapoteza chochote. Hesabu yako ya milioni iliyoyeyuka umeipiga kwa dola zote 3,200, wakati 1,000 kati yake hazikuwahi kuwa shilingi na hazitakuwa.

Inabaki 1,050. Hiyo ndiyo ya kubishania na mumeo, na mimi naomba niseme kitu kimoja cha kumtetea. Si kweli kwamba dola haijawahi kushuka, imeshuka mbele ya macho yetu. Lakini sababu zake ni za msimu kwa sehemu kubwa. Minada ya korosho ya Mtwara na Lindi ilianza Oktoba na bei ilikuwa ya kihistoria, watalii walijaa, dhahabu imepanda bei mwaka mzima, na Marekani nao walianza kupunguza riba yao Septemba. Dola zikaingia nyingi kwa mpigo. Kisha, na haya ni maoni yangu, kila aliyekuwa ameficha kabatini kama wewe akaogopa akazitoa, na wote mkakutana mlangoni. Korosho zikiisha, miezi ya mwanzo wa mwaka dola huwa zinaadimika tena. Kwa hiyo inaweza kurudi juu. Inaweza. Ndiyo maana 1,050 huzimalizi kwa siku moja: uza theluthi sasa, theluthi Januari au Februari, theluthi Machi. Hutapata bei nzuri kuliko zote na hutapata mbaya kuliko zote. Pesa hiyo ndiyo ya kula ziwa likifungwa, basi iwekwe mahali inapoweza kutoka haraka. Wenye ujuzi wa vipande wataeleza, mimi najua zaidi hatifungani, yaani kuikopesha serikali ikakulipa riba.

Niongeze moja la uzee. Mkongo ana sababu ya kushika dola. Mwaka 1993 Mobutu alitoa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na watu waliokuwa na akiba wakaamka hawana. Mrundi naye, Mei 2023 benki kuu yao iliishusha faranga kwa mkupuo, jirani yangu hapa Ujiji alikuwa na kibunda cha faranga za kununulia maharage mpaka leo akikitazama anatukana. Ukikaa mpakani unajifunza kuogopa karatasi ya nchi. Lakini shilingi yetu mfumuko wa bei wake mwaka huu unacheza kwenye asilimia 3. Usiogope kwa hofu ya Mkongo.

Na kabla ya Jumatatu mwaga noti zote mezani uzikague. Zenye kichwa kidogo (picha ya mtu ni ndogo), za zamani, zilizochanika ncha, zenye mhuri au wino, zitenge. Nyingine benki watazikataa au watazipunguzia bei, na upande wa Kongo ndiyo kabisa, noti ikiwa na mpasuko wa ukucha hawaigusi. Noti ndogo za 1, 5 na 10 nazo hupewa bei ya chini kuliko za 50 na 100. Usije ukapeleka Kalemie noti ambayo ingekubaliwa hapa, wala ukauza hapa noti safi ambayo ingekufaa kule.

---

Dada_Tbr · Desemba 15, 2024

Naongezea pale Mzee alipoachia. Mimi nipo Tabora, nafanya kazi za fedha, siuzi vipande vya mtu.

UTT AMIS wana mifuko kadhaa na watu wanaichanganya. Mdogo wako akisema "vipande" muulize vya mfuko gani. Umoja unaweka sehemu kwenye hisa za soko la Dar es Salaam, kwa hiyo bei ya kipande inaweza kupanda na kushuka, huo ni wa miaka. Kwa pesa utakayoihitaji Mei unataka Mfuko wa Ukwasi. Unaanza na 100,000, unaongeza kuanzia 10,000, hakuna makato ya kuingia wala kutoka, ukiomba kuuza unalipwa ndani ya siku 3 za kazi. Umekuwa ukizaa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Si mapato ya kutajirika, lakini dola kabatini imezaa nini?

Siku 3 za kazi maana yake ukiomba Alhamisi usitegemee Jumamosi. Panga.

Na usijione uko peke yako. Huku kwetu tumbaku bei yake inatajwa kwa dola kwa kilo, na mkulima mwishowe analipwa shilingi kupitia AMCOS, chama chao cha ushirika. Waliolipwa mapema walipata bei nzuri. Nawajua watu hapa Urambo waliochelewesha kubadilisha wakisubiri 2,800. Wapo bado wanasubiri.

---

Mchikichi_Simbo · Desemba 15, 2024

Mnamzungusha mama wa watu na makaratasi. Kigoma ni mawese. Miche ya tenera, michikichi ya kisasa ya kituo cha utafiti wa kilimo TARI Kihinga, inaanza kuzaa ndani ya miaka mitatu hivi, siyo kama michikichi ya babu. Anunue shamba, apande, asahau dola.

---

Mstaafu_Forodha · Desemba 15, 2024

Ndugu Mchikichi, mimi mwenyewe nina ekari zangu Simbo na sizijutii. Lakini mama ana ada Januari na mkopo Januari. Shamba ukilitaka pesa kwa haraka unampa jirani kwa bei ya kutupa. Akimaliza madeni na akabakiwa na pesa isiyo na tarehe, hapo njoo umshawishi, nami nitakusaidia.

Kijana Tosha, sikujibu kwa sababu ulisema "zote". Mtu anayekwambia uweke zote mahali popote, hata benki kuu, mkimbie.

---

MamaChanja_Kibirizi · Desemba 15, 2024

Shikamoo Mzee. Asante sana, na wewe Dada Tabora. Nimemsomea mume wangu, pale ulipomtetea akatabasamu, pale ulipomkosoa akasema simu inaisha chaji.

Nimezikagua noti. Tatu zina kichwa kidogo, mbili za mia na moja ya hamsini. Moja ya mia ina doa la kalamu. Sikuwahi kujua hizo ni tatizo, zilinifikia kwa mteja nikazipokea kwa furaha.

Vitenge natumia kama 1,000 kweli, umejuaje? Swali: hatifungani ulizotaja zikoje kwa mtu kama mimi?

---

Mstaafu_Forodha · Desemba 15, 2024

Marahaba. Kwa sasa haziko kwako. Za serikali mtu wa kawaida anaanza na milioni 1 kupitia benki au dalali wa soko la hisa, na zile za miaka 20 na 25 zimekuwa zikilipa karibu asilimia 15 kwa mwaka, nusu kila miezi sita. Nzuri sana kwa mstaafu anayengoja riba yake kibarazani. Lakini ukitaka mtaji wako kabla ya miaka hiyo inabidi umuuzie mtu mwingine sokoni, kwa bei atakayokupa. Na kama riba za sokoni zimepanda tangu ununue, hiyo yako itashuka bei. Mwenye biashara ya dagaa anayefungiwa ziwa asianzie hapo.

---

Tosha_Mwanga · Desemba 16, 2024

Sawa wazee. Tutaonana mwakani.

---

Kichwa_Ngumu_Kgm · Aprili 8, 2025

Nafufua uzi huu makusudi. Dola leo inakaribia 2,700! Mama wa watu mlimuuzisha kwa 2,350. Dola 1,150 mara shilingi 300 na zaidi, amepoteza kama laki tatu na nusu kwa ushauri wa mstaafu. Ndiyo maana sisikilizi watu wa mitandaoni.

---

Mstaafu_Forodha · Aprili 8, 2025

Karibu. Hesabu yako ni sahihi, umesahau kitu kimoja: hizo 1,150 zingefika Aprili kwa njia gani? Januari shule ingemrudisha binti nyumbani, au mama angekopa kwingine alipe VICOBA kwa riba. Mkopo wa mtaani Kigoma unaujua riba yake kwa mwezi. Toa hiyo kwenye laki tatu na nusu zako, halafu uniambie kimebaki nini.

Na kama tunafufua nyuzi, kijana Tosha yuko wapi? Marekani wametangaza ushuru wao Aprili 2, hisa zao zimepoteza zaidi ya asilimia 10 ndani ya siku mbili, na bitcoin iko chini ya 80,000. Sisemi kwa kumcheka. Nauliza tu kama ada ya Januari ingelipwa na chenji ikabaki.

---

Tosha_Mwanga · Aprili 8, 2025

Nipo Mzee. Bado nimeishikilia, siuzi. Ada zangu mimi sina.

---

Dada_Tbr · Aprili 8, 2025

Tosha umesema neno la maana bila kujua. Wewe huna ada, kwa hiyo unaweza kukaa nayo. Mama hakuweza. Pesa ile ile, watu wawili, majibu mawili.

Wale wa Urambo waliokuwa wanasubiri 2,800 walichoka Februari wakabadilisha. Hao ndio nawaonea huruma, walivumilia kushuka kote wakaondoka kabla ya kupanda.

---

MamaChanja_Kibirizi · Aprili 9, 2025

Jamani kumbe mnanijadili na mimi niko mwaloni. Shikamoo Mzee.

Niwaambie ilivyokuwa. Zile 1,150 niliuza Jumatatu ile ile kama nilivyoambiwa. Ada ikalipwa, VICOBA nikawapelekea pesa yao kabla ya tarehe, mwenyekiti akashangaa. Kwenye zile 1,050 tulivutana na mume wangu. Mimi nikauza 500, zikatoka 1,175,000, nikaziweka Ukwasi kwa simu. Zilizobaki 550 akasema hizo ni zake za kusubiri, tukaandikiana kabisa kwenye daftari.

Kisha Februari mnakumbuka yaliyotokea Kongo. Goma ilikuwa imeshaanguka Januari mikononi mwa waasi wa M23, ikafuata Bukavu, na Uvira watu wakakimbia. Wateja wangu wa Uvira wakakatika ghafla, simu zao hazipatikani, wengine nasikia wako Burundi kwenye kambi, na mmoja mpaka leo sijui kama yu hai. Dagaa wangu wakabaki, na mvua ile. Nikatoa Ukwasi mara mbili, nikaishi kwa hiyo na kuwapelekea dagaa watu wa Dar kwa treni, bei ya chini lakini bei. Kama ningekuwa nimeweka zote mahali pa kufungiwa miaka, au zote bitcoin, Februari hiyo ningekwenda kupiga magoti kwa nani?

Na wewe Kichwa Ngumu usinune kwa niaba yangu. Mume wangu aliuza zake 550 Machi kwa 2,600. Tangu siku hiyo anatembea kifua mbele mpaka sokoni, na kila akipita benki anatazama ubao wa bei kama yeye ndiye aliyeuandika. Sijamwambia kwamba theluthi ya Machi ilikuwa ya kwako Mzee.

Dola 1,000 za vitenge zipo, safari ya Kalemie bado naiogopa kwa hali ilivyo. Shida ni zile noti nne mbovu. Benki walichukua mbili, moja ya kichwa kidogo na ya hamsini. Ya doa la kalamu walikataa, na moja ya kichwa kidogo walikataa pia. Kuna kijana hapa mwaloni anasema atazichukua kwa nusu bei. Nimpe?

---

Mstaafu_Forodha · Aprili 9, 2025

Marahaba mama, na pole kwa wateja wako. Mumeo mpe hongera yake, mwache aitembeze.

Kijana usimpe. Noti ya kichwa kidogo kama ni halali, Marekani hawajawahi kuifuta, ni fedha bado. Inayoikataa ni benki yako, si aliyeitengeneza. Jaribu benki nyingine mjini, na ukishindwa mtu wako wa Dar ajaribu kule, kuna maduka ya kubadilisha fedha yanayozichukua kwa makato. Ya doa vilevile. Makato yakizidi robo, rudisha nyumbani.

Na safari ya Kalemie isikuharakishe kuuza hizo 1,000. Zikikaa mpaka Kongo itulie, ni sawa tu. Ila zitoe kabatini, fungua akaunti ya dola. Watu wameshaanza kukujua.

---

MamaChanja_Kibirizi · Aprili 9, 2025

Nimeelewa. Boti zinaingia, tutaongea.